Orodha Tupu ya Koboko

Mwezi uliopita Bwana Candia alistaafu, na sisi tuliofanya kazi chini yake Koboko tukaitwa nyumbani kwake Ombaci kula naye. Tulikaa uani kwenye viti vya plastiki, enyasa, ugali wa muhogo na mtama, ikapita, samaki wa kukausha wa angara akapita, na watu wakaanza kusimulia, kila mmoja akiongeza chumvi kwenye habari ya mwenzake. Taban, aliyekuwa karani wetu wa mpakani Oraba, alininyooshea mfupa wa kuku. “Huyu,” aliwaambia wakwe wa Candia, “ndiye aliharibu sherehe ya wageni. Mbuzi imechinjwa, soda iko baridi, yeye anasimama na kompyuta.” Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini chini ya meza vidole vyangu vilikuwa vinasuguana vile vilivyosuguana mwaka ule. Kwa kuwa Taban husimulia habari hiyo vibaya, akijipunguzia sehemu yake na kuniongezea ushujaa ambao sikuwa nao, nimeamua kuiandika mwenyewe.

Sitasema mengi ya kwetu Oli, mtaa wetu Wanubi mjini Arua. Waliotulea wanajulikana na wanatosha. Inatosha kusema kwamba nilikwenda Koboko nikiwa na kompyuta ya mkononi iliyokwishatumiwa na mtu mwingine, isiyo na herufi mbili kwenye kibao chake, na elimu niliyojikusanyia peke yangu kwenye simu. Sikusoma chuo. Nilijifunza hifadhidata kama mtu anayejifunza kupika kwa kunusa jikoni kwa jirani: ninaona mtu ameandika swali la kuiuliza mashine, ninaliiga, linakataa, ninabadilisha neno moja, linakataa tena, mpaka likubali nami nisijue kwa nini limekubali. Hicho ndicho kilichonitesa. Mtu aliyefundishwa darasani akikosea husema amekosea. Mimi nikikosea nilisikia sauti ikisema, unaona, tuliwaambia huyu si wa kazi hii. Kwa hiyo sikutoa ripoti yoyote bila kuirudia na kuirudia tena, na nilipoitoa nilikwenda chooni kukaa kimya kidogo, nikisubiri mtu aje kunigongea mlango na kosa mkononi.

Ofisi yetu ilikuwa duka la zamani la saruji kwenye barabara iendayo mpakani. Vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye pembe za dari, na feni ikizunguka lilitushukia kwenye nywele, tukawa wazee wote ifikapo saa sita. Kazi yetu ilikuwa kuunganisha watu waliopotezana walipokuwa wakikimbia vita kutoka ng’ambo, Sudan Kusini. Mama anakuja na kusema ninamtafuta mtoto. Anaandikwa kwenye jedwali la wanaotafuta na mtoto wake kwenye jedwali la wanaotafutwa. Kwingine, mpakani au kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Yumbe, watu wanaofika wanaandikwa kwenye jedwali la waliofika. Kazi ya mashine ni kuweka majedwali haya ubavu kwa ubavu na kuuliza nani anafanana na nani. Waliokwisha kuunganishwa walikuwa na jedwali lao, ili tusiendelee kuwatafuta. Kila asubuhi niliendesha swali moja lililoachwa na kijana aliyenitangulia: nipe wote wanaotafutwa ambao hawamo katika waliounganishwa. Orodha hiyo ndiyo iliyotuamsha na ndiyo iliyotulipia kodi ya duka.

Jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ofisi, alikuwepo Mama Kiden. Alikuwa Mkakwa wa ng’ambo, amekuja na wanawe wa kiume, na binti yake alipotea njiani usiku ule kijiji kilipokimbia. Kwa desturi angeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mwanamume, lakini alitukataza. “Nyinyi mwite mimi Mama Kiden,” alisema siku ya kwanza, akikuna masizi kwenye sufuria. “Kila saa mwite. Jina ikitembea, siku moja mwenyewe itasikia.” Basi tulimwita. Mama Kiden, chai. Mama Kiden, chumvi iko wapi. Madereva wa malori waliosimama jirani kungoja karatasi zao za forodha nao walimwita hivyo, na ninajua wapo waliolivusha jina hilo daraja la Kaya bila kujua wamebeba nini. Aliniletea chakula mezani kwa sababu nilisahau kula. Alisimama nyuma yangu akitazama kioo cha kompyuta, asisome, kisha akauliza swali lake lile lile: “Leo iko?” Nami nikajibu, “Bado, mama.” Akasema, “Basi kula kwanza. Mutu ya njaa haiwezi kuona.”

Asubuhi moja ya kiangazi niliendesha swali na orodha ikatoka tupu. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Jana yake ilikuwa ndefu mpaka mkono unachoka kuishusha. Nilichofanya kwanza, na ninakiri, ni kufunga kompyuta kwa nguvu kama mtu anayemfunika nyoka kwa beseni. Nilikuwa na hakika nimefuta kila kitu. Nilijiona nikirudi Oli na begi langu, watoto wa mtaani wakiuliza, dada, kazi imekwisha? Nilipoifungua tena na kukuta majedwali yote yako mahali pake, kila mtu ndani, hofu haikupungua. Iligeuka tu sura. Bwana Candia alikuwa amekwisha kusimama nyuma yangu na kikombe. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda habari njema kuliko wengine wanavyopenda nyama. “Tupu?” aliuliza. “Zaituni, hakuna aliyebaki?” Nikasema inaonyesha hivyo, bwana, lakini nataka kwanza kuangalia. Hakusikia neno la pili. Alitoka barazani akaita, “Jamani! Tumemaliza! Watu wote wamepatikana!” Walinzi wakapiga makofi. Mtu akapuliza filimbi ya mpira. Kabla sijainuka kitini alikuwa amekwisha kuwapigia simu wakubwa wa Kampala, na wakubwa, ambao tayari walikuwa wakitafuta sababu ya kuhamishia mashine zetu kwingine, wakasema vizuri sana, tunakuja Ijumaa kufunga dawati la kutafuta watu kwa heshima yake.

Kati ya makofi hayo Mama Kiden aliingia ofisini bila sahani. Hakuwahi kuingia bila kubeba kitu. Alikuja mpaka mezani kwangu akafuta mikono kwenye kanga. “Wanasema watu yote imepatikana,” alisema. “Ni vizuri. Sasa yangu iko wapi?” Hakuuliza kwa hasira, wala hakuuliza kwa mzaha. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa mzigo wake umefika, amekuja kuuchukua. Nilimtazama, nikatazama kioo, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua jambo la hifadhidata kwa hakika bila kuiga mtu. Orodha ile ilikuwa uongo. Jina la bintiye lilipaswa kuwemo, halikuwemo. Nikamwambia, “Mama, mashine inadanganya. Nitaishika.” Akasema, “Ishike sikio.”

Sasa nieleze nilivyoishika, kwa sababu Taban huruka hapa na kusema tu kwamba nilibonyeza-bonyeza. Swali likikataa, usilitazame zima. Livunje. Lilikuwa na sehemu mbili, moja ndani ya nyingine: ya nje iliwataja wanaotafutwa, na ya ndani ilileta namba za waliokwisha kuunganishwa, zikiwa zimefungwa kwa maneno NOT IN, yaani asiwemo humu. Niliendesha ya nje peke yake. Watu wakatoka wote. Niliendesha ya ndani peke yake. Namba zikatoka, moja chini ya nyingine, na nikazishusha taratibu nikizisoma kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. Katikati kabisa palikuwa na jiwe. Mstari mmoja haukuwa na namba. Haukuwa na sifuri, maana sifuri ni namba. Palikuwa na NULL, ambayo kwa lugha ya mashine maana yake ni kwamba haijulikani. Nikakaa nikiutazama mpaka nikaelewa. Unapoiuliza mashine, je, Kiden hayumo miongoni mwa hawa, inalinganisha namba yake na ya kila mtu: si huyu, si huyu, si huyu. Ikifika kwa yule asiyejulikana inasita. Huenda ndiye. Siwezi kuapa kwamba siye. Na kwa kuwa haiwezi kuapa, inamwacha Kiden nje ya orodha. Kisha inamfanyia hivyo mtu wa pili, na wa tatu, na kila mtu. Mtu mmoja asiye na namba alikuwa amewafuta wengine wote, bila mashine kulalamika wala kutoa onyo.

Mstari ule ulitoka Oraba, kwa hiyo nikampigia Taban. “Taban, kuna mtoto umeandika ameunganishwa, namba yake iko wapi?” “Namba ya nini?” alisema, na nyuma yake nilisikia wabadili fedha wakibishana. “Yule? Injinia, sikiza. Mjomba yake alitoka Kaya, alikuja mpaka darajani. Mtoto aliona yeye, alikimbia, alishika miguu. Wanalia wote wawili. Polisi iko analia. Sasa mimi niseme, mjomba, ngoja kwanza, simama kwa laini, mtoto hajapata namba?” Nikasema fomu inataka namba. “Wewe uko Mnubi,” akasema, “wewe unajua. Mjomba akikuja kuchukua mtoto yake, mutu anauliza yeye karatasi? Hiyo ni matusi.” Alikuwa na haki. Pale darajani ukoo mmoja una nyumba pande zote mbili, na kusalimiana peke yake huchukua nusu saa. Salamu zilipokwisha, mjomba na mtoto walikuwa wamekwisha kuvuka, na Taban, kwa furaha, aliandika kwamba wameunganishwa na kuiacha nafasi ya namba kama ilivyo. Sikumlaumu, na simlaumu leo. Aliyeandika lile swali ndiye aliyedhani kwamba watu huungana kwa utaratibu wa fomu.

Dawa yake ilikuwa fupi. Nilitoa NOT IN nikaweka NOT EXISTS, ambayo haiulizi kama mtu anafanana na wote; inauliza tu kama upo mstari mmoja unaomtaja. Asiyejulikana hamtaji mtu, basi anapitwa. Nikabonyeza, na orodha ikarudi, ndefu, na Kiden ndani yake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Na hapa ndipo ushujaa wa Taban unapoisha, kwa sababu sikumwambia Bwana Candia Jumanne, wala Jumatano, wala Alhamisi. Nilikuwa natengeneza maelezo. Niliyaandika, nikayafuta, nikachora mishale, nikachagua rangi ya mishale. Nilitaka yawe safi kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuniuliza ulisoma wapi. Kila nilipoamka kwenda mlangoni kwake nilimsikia kwenye simu akiwaambia watu wa Arua habari njema, nami nikarudi kukaa na kunyoosha mshale mwingine. Mama Kiden alileta chai akauliza, “Umeshika?” Nikasema nimeshika, mama. “Umesema?” Nikainamia mishale yangu. Alichukua kikombe changu, ambacho bado kilikuwa na chai, akaondoka nacho.

Ijumaa wageni walifika kwa magari mawili. Meza ziliunganishwa katikati ya ofisi, zikafunikwa kwa vitambaa, na kulikuwa na mbuzi, gurusa, mikate myembamba ya ngano, zilizotoka kwa majirani zangu Wanubi, mboga ya osubi, na soda. Niliwekwa karibu na mlango wa jikoni, kompyuta mapajani. Mgeni mkubwa, mama mwenye miwani na sauti ya upole, alikuwa akimwambia mwenzake kwa chini, hajui ninasikia: “Hizi mashine zipakiwe leo leo. Kesho watu wanapoteza nyaya.” Mwenzake akasema, “Na huyu binti?” “Mkataba wake unaisha na dawati.” Mtu angedhani hilo ndilo lililoniinua. Hapana. Kusikia hivyo kulinitia baridi tu nikazidi kujikunja. Kilichoniinua ni kwamba Mama Kiden aliingia na beseni na birika kuwanawisha wageni mikono, akaanza na yule mama, akamwagia maji polepole kama anavyomwagiwa mtu aliyekuja kwenye harusi. Alikuwa anawanawisha watu waliokuja kufunga mlango wa bintiye, na aliwashikia taulo.

Nikasimama. Mishale yangu yote ikatoka kichwani. “Bado,” nilisema. Sauti ilitoka kama ya kuku. Bwana Candia akageuka, “Zaituni?” “Hawajapatikana, bwana. Orodha haikuwa tupu. Swali lilikuwa bovu.” Nikaweka kompyuta kati ya nyama na soda, nikaigeuza kwao, nikabonyeza. Majina yakaanza kushuka. Yalishuka na kushuka, na hakuna aliyetafuna. Yule mama akavua miwani, akaivaa tena. “Hawa wote ni nani?” “Ni wanaongoja,” nilisema. Akauliza kwa nini mashine ilionyesha hakuna. Nami, badala ya maelezo niliyoyapiga pasi siku tatu, nikamwambia hivi: “Mama, kuna mtoto mmoja aliyemkimbilia mjomba wake kabla hajapewa namba. Mashine haikumjua, na kwa ajili yake ikaogopa kusema lolote juu ya wengine.” Mwenzake akaguna, “Mashine inaogopa?” Bwana Candia, ambaye nilidhani atanifukuza palepale, alikuwa ameinamia kioo akisogeza kidole kwenye majina. Alinyoosha mgongo. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. “Niliwaambieni uongo kwenye simu,” aliwaambia wageni, “bila kujua. Sasa najua. Kuleni, kisha tuzungumze mashine zikiwa zimewashwa.” Wakala. Hawakupakia kitu. Kabla ya kuondoka yule mama aliniuliza nilisoma chuo gani. Nikasema sikusoma. Akasema, “Basi endelea,” akapanda gari.

Nilidhani huo ndio ushindi wenyewe, lakini Mama Kiden hakuwa ameshinda chochote. Jumatatu alisimama nyuma yangu: “Leo iko?” Nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa kuogopa jibu: kama swali moja lilikuwa bovu, lile la kulinganisha wanaotafutwa na waliofika je? Nikalivunja nalo. Lilitaka jina la mtu na jina la baba vyote vifanane. Ni jambo la busara, mpaka ukumbuke kwamba mtu anaweza kufika hajitambui kwa homa, akaandikwa na jirani asiyemjua baba yake. Nafasi ya baba inabaki wazi, na kitu kisichojulikana hakilingani na chochote kamwe, hata na kingine kisichojulikana. Nikaondoa sharti la baba. Nikapata Kiden wengi mno. Kwa Wakakwa, kama kwa ndugu zao wa ng’ambo, jina hufuata zamu ya kuzaliwa: Kiden ni msichana anayekuja baada ya wavulana kufuatana, na Wani ni mvulana wa tatu. Mimi, nikijiona mjanja, nikasema basi nimtafute Kiden mwenye kaka aitwaye Wani. Orodha haikupungua hata kidogo. Mama Kiden alicheka mpaka akashika meza. “Mutoto yangu! Kila Kiden iko na Wani yake. Ndiyo maana anaitwa Kiden!”

Basi nikageuza kiti nikamtazama yeye badala ya kioo. Nikamwomba anipe kitu ambacho ni cha nyumba yake tu. Akafikiri. Akasema mwanawe wa kwanza alibatizwa Sefania, jina ambalo babu yake alilichagua mwenyewe, na kanisani watu waliguna. Jedwali la waliofika lilikuwa na jedwali dogo pembeni, la ndugu waliotajwa, ambalo kabla ya yule Wani hakuna swali letu lililowahi kuligusa. Nikaliunganisha tena. Kiden yeyote, baba awe anajulikana au asijulikane, mwenye kaka Sefania. Nilibonyeza. Mstari mmoja. Makazi upande wa Yumbe, na jina la mtaa. Sikumwambia mara hiyo; nilimpigia simu mwenzetu wa huko, akaahidi kumtafuta, na mchana simu ikalia. Nikaweka sauti ya juu. Msichana akasema haloo. Mama Kiden aliishika simu kwa mikono miwili na kusema maneno ya Kikakwa ambayo sikuyaelewa, kisha kwa Kiswahili, kwa ajili yetu sote tuliokuwa tumejaa mlangoni: “Ni yangu. Hii sauti ni ya kubishana, ni yangu!”

Alfajiri ya Alhamisi Bwana Candia mwenyewe aliendesha gari kwenda kumchukua, na waliporudi barabara nzima ilikuwa imesimama, madereva wa malori kwa walinzi. Kiden alishuka kwanza kwa mguu mmoja, kisha akasita, akageuka ndani ya gari kuchukua mzigo. Mzigo ukalia. Alikuwa na mtoto wa kiume, mchanga hata shingo haijakaza, mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Kwenye simu hakusema. Baadaye alituambia aliogopa kugombezwa. Mama Kiden alisimama hatua chache mbele yake, mikono tayari imefunguka, akamtazama binti, akamtazama mtoto.

“Huyu mutu ni nani?”

“Ni yako, mama.”

Akamchukua kwanza yule mdogo, akamvua kofia, akamnusa kichwani. Kisha akageuka kunitafuta katika umati, akapaza sauti mpaka ng’ambo ya barabara: “Zaituni! Mimi nilitafuta moja! Mashine yako iko leta mbili!” Vigelegele vikapanda, malori yakapiga honi, na Taban, aliyekuja kutoka Oraba kwa pikipiki, akanirusha juu kama mpira. Niliposhuka nilikwenda kukaa mezani, machozi yakidondoka kwenye kibao kisicho na herufi mbili, nikawaandika. Kiden nilimwandika vizuri, na namba yake. Nilipofika kwa mtoto nikakwama. Hapakuwa na nafasi katika jedwali lolote kwa mtu aliyepatikana bila mtu yeyote kumtafuta.

Nikaiongeza.